Simuleta ya upasuaji wa roboti ni nini?

Ni mashine ya uhalisia pepe inayomfundisha daktari kuendesha roboti ya upasuaji pasipo mgonjwa. Kwa roboti kama da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, mpasuaji hasimami kando ya kitanda cha mgonjwa. Huketi pembeni kwenye konsoli, yaani kituo cha kuendeshea roboti, macho kwenye kitazamio chenye picha ya pande tatu, vidole kwenye vishikio viwili, miguu kwenye pedali. Kwenye simuleta anakaa vilevile, ila sindano, tishu na damu anayoiona vyote vimechorwa na kompyuta.

Mazoezi ya mwanzo yanafanana na mchezo wa watoto: okota pete, ipokeze kwa mkono wa pili, itundike kwenye kigingi. Baadaye huja kuongoza kamera, kukata kwa umeme na kushona. Kinachowasumbua wengi ni klachi, pedali inayotenganisha kwa muda mikono yako na vyombo vya roboti. Mikono ikishatanuka mno, kanyaga klachi: vyombo vinabaki palepale, unarudisha mikono katikati, unaachia pedali, unaendelea. Asiyeizoea hujinyoosha mpaka anakwama, na chombo bado hakijafika.

Kuna pia suala la nguvu. Roboti nyingi hazimpi daktari hisia ya mguso, kwa hiyo uzi ukivutwa kupita kiasi, vidole havina habari. Inabidi macho yafanye kazi ya vidole: tishu inapauka, inakunjamana pale kitanzi kinapoibana, kisha uzi unakatika au unachana nyama. Heri uzi wa kompyuta ukatike mara hamsini.

Mwisho wa zoezi mashine hutoa alama: muda, sentimita ambazo ncha za vyombo zimesafiri, migongano, vitu vilivyodondoshwa, na muda ambao chombo kilikuwa nje ya picha. Wanafunzi hushindania muda, ingawa ndio wa kutazamwa mwisho. Chombo kisichoonekana kinaweza kutoboa utumbo na mtu asijue hadi mgonjwa arudi na homa. Kiwango cha kufaulu hupangwa kwa alama za wapasuaji wazoefu, na ni vyema mwanafunzi akifikie zaidi ya mara moja mfululizo, maana mara moja huenda ni bahati.

Kuna mambo ambayo zoezi la konsoli haligusi: kuchagua mahali pa kutoboa matundu tumboni, kuisogeza roboti hadi kwa mgonjwa na kuiunganisha, kusemezana na msaidizi aliye kando ya mgonjwa wakati kichwa chako kimezama kwenye kitazamio. Hayo hufunzwa kwenye chumba cha upasuaji, na timu nzima ikiwapo.