Virusi Vipya Katika Popo: Ugunduzi Unathibitisha Nini?

Kila inapotangazwa kwamba watafiti wamegundua virusi vipya katika popo, wakazi wa Mwanza wana sababu ya kutega sikio, kwa kuwa popo ni majirani zetu: wamo katika nyufa za miamba, wamo katika dari za shule na makanisa, na wale wakubwa hufuata maembe yanapoiva. Hofu hiyo inaeleweka, ila mara nyingi hutangulia ushahidi.

Kazi huanza jioni, wavu mwembamba unapotandazwa mbele ya pango kabla popo hawajatoka kutafuta chakula. Mtafiti aliyevaa glavu nene na barakoa, na aliyekwisha kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, humnasua mnyama mmoja mmoja, huchukua mate, kinyesi na damu kidogo, kisha humwachia aende zake. Sampuli hugandishwa papo hapo, kwa sababu vinasaba vya virusi vingi huharibika upesi penye joto. Maabara hutumia kipimo cha PCR, yaani kinachonakili vinasaba mara nyingi ili vionekane, kilichoundwa kunasa familia nzima ya virusi, au husoma vinasaba vyote vilivyomo na kuvilinganisha na vile vilivyohifadhiwa katika hazina za kimataifa. Vinapotofautiana vya kutosha na vyote vinavyojulikana, virusi hivyo huandikwa kuwa vipya, ingawa huenda vimeishi na popo hao kwa maelfu ya miaka.

Vinasaba peke yake havionyeshi kwamba virusi vinaweza kumwambukiza binadamu. Ili kulijua hilo, virusi vioteshwe vikiwa hai katika seli, na damu za watu wanaoishi karibu zichunguzwe kama zina kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya kuambukizwa. Virusi vya Bombali, ambavyo ni vya jamii ya Ebola, viliripotiwa mwaka 2018 kutoka kwa popo wanaolala katika nyumba za watu nchini Sierra Leone, na baadaye vikaonekana Kenya, lakini havijahusishwa na mgonjwa yeyote. Marburg, homa kali inayofanana na Ebola, ilifuata njia ya kinyume: ugonjwa ulijulikana tangu 1967, ilhali virusi hai kutoka kwa popo wa matunda wa mgodi wa Kitaka, Uganda, viliripotiwa mwaka 2009. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, ugonjwa huo uliwapata watu 9 mwaka 2023, na 6 kati yao wakafariki. Ukarejea wilayani Biharamulo mwaka 2025.

Mfano unaonishughulisha zaidi uko jirani kabisa. Mwaka 2009, katika eneo la Serengeti, fungo aliyemng'ata mtoto aliuawa, na ubongo wake ukachunguzwa kwa kushukiwa kichaa cha mbwa. Vilipatikana virusi vya jamii hiyohiyo ambavyo havikuwa vimeonekana popote, vikaitwa Ikoma. Ndugu zao wa karibu wamepatikana katika popo wa Ulaya na wa milima ya Caucasus, mpakani mwa Ulaya na Asia, hivyo wataalamu wanashuku kwamba fungo yule aliambukizwa tu, na kwamba makazi halisi ya virusi ni popo. Jambo zito ni kwamba majaribio yameonyesha kuwa kinga itokanayo na chanjo za sasa za kichaa cha mbwa haivizuii virusi vya Ikoma. Chanjo hizo hata hivyo zinabaki kuwa za lazima, kwa sababu kichaa kinachowaua watu wetu ni kile cha mbwa.

Kuwachoma au kuwafukiza popo ni kosa, na hili si suala la huruma tu. Popo wa Kitaka waliangamizwa baada ya wachimbaji kuugua. Miaka michache baadaye wengine walirudi mgodini, na upimaji wa 2012 ulionyesha kuwa uwiano wa walioambukizwa Marburg ulikuwa umezidi mara mbili ule wa awali. Ndani ya dari, ni salama zaidi kuziba matundu usiku popo wakiwa nje, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna vichanga vilivyoachwa, na kulowesha kinyesi kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kukizoa, ili vumbi lisipae.

Tunda lenye alama za meno litupwe. Popo aliyeanguka mchana asiguswe kwa mikono mitupu, na watoto waambiwe hivyo mapema. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyohiyo na kutaja wazi kwamba ni popo, hata kama jeraha ni dogo kiasi cha kutoonekana vizuri.