Nyama ilisafiri mbali kwa treni hata kabla ya friji za mashine

Wengi tunaamini kwamba kabla ya friji za mashine nyama haikuweza kusafirishwa mbali, ilibidi ng'ombe apandishwe treni akiwa hai akachinjwe huko anakoenda. Na kwa miaka mingi Marekani ilikuwa hivyo kweli, ng'ombe wanafika wamekonda na wengine wamefia njiani, inasikitisha kwa kweli.

Lakini kufikia miaka ya 1880 nyama iliyochinjwa Chicago ilikuwa inafika New York ikiwa nzima kabisa, kwa barafu tu! Barafu ilikatwa ziwani wakati wa baridi kali ikatunzwa ghalani, halafu inajazwa kupitia vifuniko vya juu ya paa, huku na huku mwisho wa behewa, hewa ya baridi inashuka inazunguka kwenye nyama, na njiani treni inasimama kuongezewa barafu nyingine. Nyama yenyewe haikutakiwa kugusa barafu maana inabadilika rangi. Mabehewa yenye friji za mashine yalikuja kuenea baadaye sana, karne ya 20.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe tafuta picha za zamani za hayo mabehewa, vile vifuniko vya kwenye paa utaviona.