Je, wajua? Jaji wa Marekani anaweza kuachia kiti chake na bado akaendelea kuamua kesi

Wengi huamini kwamba jaji wa mahakama ya shirikisho ya Marekani, akishateuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, hukikalia kiti chake mpaka afe, na kwamba hakuna awezaye kukirithi kabla ya mazishi. Nusu ya dhana hiyo ni ya kweli. Katiba, katika Ibara ya Tatu, inasema majaji watashika nafasi zao maadamu wana mwenendo mwema, wala haitaji umri wa kustaafu, tofauti na Kenya, ambako jaji huondoka akitimiza miaka 70. Hata kifungo hakimvui mtu ujaji: Harry Claiborne wa Nevada alipoingia gerezani mwaka 1986 kwa kosa la kodi, aligoma kujiuzulu na akaendelea kulipwa mshahara hadi Seneti ilipomwondoa Oktoba mwaka huohuo. Tangu 1789, majaji waliong'olewa na Seneti ni 8 tu.

Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro, kwa sababu kinachodumu maishani ni ujaji, si kiti. Tangu 1919 sheria imewaruhusu majaji wa mahakama hizi kuingia hadhi ya jaji mwandamizi. Leo sharti ni kwamba umri wa jaji, kuanzia miaka 65, ukijumlishwa na miaka yake ya utumishi ufike 80, na utumishi usipungue miaka 10. Mfikirie fundi seremala mzee anayemkabidhi mwanawe karakana: wateja wapya ni wa kijana, lakini mzee anabaki na meza yake na randa yake, hupokea kazi anazozitaka, na kabati atakalolitengeneza ni kabati kamili kama la mwanawe. Vivyo hivyo hukumu ya jaji mwandamizi ina nguvu ileile, ingawa Rais ameshapata nafasi ya kumteua mwingine.

Ajabu iko kwenye malipo. Jaji aliyetimiza masharti hayo angeweza kwenda nyumbani moja kwa moja na kulipwa maisha yake yote mshahara aliokuwa nao siku ya kustaafu. Anayebaki, basi, karibu anajitolea, ijapokuwa akifanya walau robo ya kazi ya jaji wa kawaida hunufaika pia na nyongeza za mshahara.

Wesley Brown wa Wichita, Kansas, aliyeteuliwa na Rais Kennedy mwaka 1962, aliingia hadhi hiyo mwaka 1979 na bado alikuwa jaji alipofariki Januari 2012 akiwa na miaka 104. Miaka ya mwisho alisikiliza kesi akiwa na mpira wa oksijeni puani, na mawakili wenye kesi ndefu aliwatahadharisha kwamba kwa umri wake hanunui hata ndizi mbichi (za kuivisha, bila shaka, si za kupika).

Inasemwa pia kwamba majaji huvizia Rais wa chama wanachokipenda ndipo waachie kiti. Wapo wanaofanya hivyo, lakini sheria haimlazimishi jaji kueleza sababu, na afya au uchovu navyo huamua. Lililo wazi ni kwamba Seneti ikichelewa kumthibitisha mrithi, kiti hubaki kitupu, na mara nyingi ni yuleyule mzee aliyekiachia anayesaidia kupunguza mrundikano wa kesi.