Ile "Kaa!" ya Kumi

Mzee mmoja wa South C, Nairobi, alinipigia simu mwezi wa sita. Mbwa wake hakuwa mkaidi. Bosco, German Shepherd wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa anakaa, analala chini, anatoa mkono, anangoja mlangoni mpaka aruhusiwe. Yote hayo kwa Kiswahili, kwa sababu mzee hakutaka askari wa geti na dada wa kazi wababaishwe na Kiingereza. "Mwalimu," akaniambia, "huyu mbwa ameacha kuchangamka. Ama nimemfunza kupita kiasi?" Nikamjibu palepale kwamba mbwa hafunzwi kupita kiasi. Nilijibu upesi mno.

Nilifika kwake saa kumi na moja jioni, saa yao ya mazoezi. Mzee alikuwa na vipande vya smoki, zile soseji za kuvukizwa, mfukoni. Alipotia mkono tu, Bosco akakaa. Hakuna aliyemwambia. Akalala. Akainuka, akatoa mkono wa kulia, akatoa wa kushoto, akakaa tena, macho kwenye ule mfuko. Mzee akacheka: "Umeona? Anazijua zote!" Mimi nilikuwa naangalia masikio, na yalikuwa yamelala nyuma. Kati ya amri moja na nyingine alipiga mwayo, ule mrefu wenye kisauti kwa mwisho, na kulamba pua ilhali smoki haijatoka. Baadaye kidogo akaanza kunusa simiti tupu kana kwamba kuna mfupa umezikwa chini yake. Mtu mwingine angesema ni dharau. Mimi nilimwona mbwa anayeomba jambo liishe.

Wakati huohuo kijana wa gesi akaingia na bodaboda, mtungi begani, akapita hatua nne kutoka kwetu mpaka jikoni. Bosco hakugeuza hata sikio.

Nilikuwa nimeanza kuhesabu. Kwa dakika ishirini, mzee alisema "kaa" mara thelathini na moja. Mbwa alikuwa amejua tangu ile ya kwanza. Zilizobaki zilikuwa za kumfurahisha mzee. Na neno likirudiwa hivyo halibebi tena maana. Ile tabia ya kupitia amri zote kabla hajaulizwa ni ya mwanafunzi anayepiga kelele "Saba! Tisa! Kumi na mbili!" kabla mwalimu hajaandika hesabu ubaoni. Hasikilizi tena, anabahatisha.

Wingi wa mambo anayofunzwa haunitishi. Kule South Carolina, Marekani, profesa mstaafu John Pilley alimfunza Border Collie wake, Chaser, majina ya vitu 1,022, na mwanzoni walikuwa wakifanya kazi hiyo saa nne hadi tano kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Wateja wangu wakisikia hadithi hiyo hutaka kuongeza saa. Nawaambia watazame saa hizo zilijazwa nini: kila jina lilikuwa la kitu kipya cha kuchezea, na malipo yalikuwa kurushiwa na kukimbizana. Chaser alikuwa anacheza kutwa. Bosco alikuwa anafanya mtihani uleule kila jioni.

Kuhusu ratiba, kuna utafiti wa Denmark ambao huwa nautaja sana. Mwaka 2008 watafiti walichukua Beagle 18 wa maabara, wengine wakafunzwa mara moja kwa wiki na wengine mara tano. Wale wa mara moja walihitaji vipindi vichache zaidi kufikia lengo. Mwaka 2011 wakarudia na Beagle 44: waliofunzwa mara moja au mbili kwa wiki waliwashinda wa kila siku, na kipindi kimoja kwa siku kikashinda vitatu vya mfululizo. Kwa haki, ukihesabu siku za kalenda badala ya vipindi, wa kila siku humaliza mapema. Kwa hiyo kama una mashindano mwezi ujao, sawa. Mzee wangu hakuwa na mashindano yoyote.

Somo huendelea kujipanga kichwani mbwa akiwa amelala, hata akiwa anacheza. Kuna Labrador 16 waliofunzwa kutofautisha vitu viwili, kisha nusu wakachezeshwa kwa nusu saa na nusu wakapumzishwa. Kesho yake waliocheza walilikumbuka somo kwa majaribio machache zaidi. Tangu nisome hilo, nikimaliza kipindi narusha mpira, na simwachi mwenye mbwa anirudishe kwa "moja tu ya mwisho."

Kupita kiasi kwingine ni kwa ugumu. Katika maabara ya Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, mbwa alifunzwa kwamba duara linaleta chakula na umbo la yai halileti. Wakalifananisha umbo hilo na duara kidogo kidogo, hadi urefu kwa upana ukawa 9 kwa 8. Wakang'ang'ana hapo kwa wiki tatu. Mbwa aliyekuwa mtulivu akaanza kulia na kuvirarua vifaa kwa meno, na hata maumbo rahisi aliyoyajua zamani yakamshinda. Nikikuta mbwa "aliyesahau kila kitu," swali langu la kwanza ni nini kiliongezwa wiki hiyo.

Nami nimefanya kosa hilohilo. Kabla ya kujiajiri nilishika mbwa wa kunusa mabomu kwenye geti la mol moja hapa mjini. Alikuwa Labrador mweusi wa kike. Asubuhi alipita kwenye magari pua chini, mkia unapiga ngoma. Kufikia saa nane alikuwa anazunguka gari kwa mpangilio nilioufundisha mimi, bampa, gurudumu, buti, mlango wa dereva, vizuri kabisa, pua ikiwa hewani. Siku moja msimamizi akaficha sampuli ya mazoezi nyuma ya gurudumu. Akaipita. Nami nikamwongezea saa nzima ya mazoezi baada ya zamu, kwa hasira. Magari yanayopita pale ni mamia, na hajawahi kupata kitu hata siku moja. Angeaminije kwamba kuna cha kutafuta? Tena mbwa anayehema ulimi nje hawezi kunusa vyema. Alihitaji kivuli, maji, na sampuli ya kupata mara kwa mara ili ashinde. Niliyajua hayo baadaye, yeye akiwa ameshahamishiwa kituo kingine.

Kwa watoto wa mbwa nitasema kifupi: dakika tatu nne zinatosha, na msiwarukishe wala kuwakimbiza na baiskeli. Mifupa ya mbwa wa aina kubwa huendelea kukomaa hata baada ya mwaka mmoja.

Kwa Bosco tulikubaliana mara mbili kwa wiki, dakika tano, na amri yoyote isizidi mara tatu. Smoki zikahamia kwenye bakuli, mfuko ukabaki mtupu. Jumapili ni msitu wa Karura, ambako ni lazima mbwa awe kwenye kamba, lakini kamba iwe ndefu na njia achague yeye, hata akitaka kunusa kisiki kimoja robo saa. Hilo la kisiki ndilo lililomuumiza mzee zaidi.

Wiki iliyopita akanipigia tena, safari hii analalamika. Alimwambia Bosco "kaa," Bosco akamtazama, akageuza shingo upande wa geti, akanguruma kidogo, ndipo akakaa.

"Siku hizi anafikiria kwanza," mzee akasema.

Nikamwuliza kulikuwa na nani getini.

"Kijana wa gesi."