Kwa nini mgonjwa wa korona hasikii harufu, na pua haijaziba?

Mwaka 2021 shangazi yangu alikuwa anachoma korosho nyuma ya nyumba yake Mikindani, kwa njia ya kizamani: korosho ghafi kwenye debe lililotobolewa, moto chini, maganda yanatoa mafuta na kuwaka, kisha zinamwagwa na kufukiwa mchanga ili moto ufe. Moshi wake mkali hata majirani wanaujua. Siku hiyo machozi yalimtoka kama kawaida. Harufu, hakuna.

"Mwanangu, moshi unaniwasha, lakini haunuki."

Alikuwa na korona, na maneno yake yalikuwa sahihi kabisa. Mwasho na harufu hupita mishipa miwili tofauti ya fahamu. Wa mwasho ulikuwa mzima.

Juu kabisa ndani ya pua kuna utando mdogo wenye seli za kunusa. Vipokezi vyake vya harufu ni vya aina zipatazo 400, na ugunduzi wake uliwapatia Linda Buck na Richard Axel Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Ukiwa na mafua ya kawaida, mara nyingi makamasi ndiyo yanayoizuia harufu isifike huko. Kirusi cha korona kina njia nyingine. Huingia kwenye seli kwa kushika protini iitwayo ACE2, na seli za kunusa zenyewe karibu hazina protini hiyo. Wanayo walezi wake, yaani seli zinazozizunguka, kuzishikilia na kuzitunza. Walezi wakishambuliwa, seli za kunusa hunyamaza, ingawa hewa inapita vizuri.

Chakula nacho huwa chapwa. Ulimi unajua chumvi, utamu, uchachu na uchungu, lakini kujua kama unatafuna changu au pweza ni kazi ya pua.

Habari njema ni kwamba utando huo hujijenga upya. Wengi hurudiwa na harufu baada ya wiki chache, wengine miezi. Pua inaweza pia kufanyishwa mazoezi: mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake, Ujerumani, walichapisha utafiti wa wagonjwa walionusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Shangazi alitumia karafuu, ndimu na mchaichai. Karafuu ndiyo iliyotangulia kurudi. Wakati wote huo mjukuu wake ndiye aliyemnusia samaki kabla hawajaingia chunguni, maana asiyesikia harufu hawezi kujua samaki ameoza wala gesi inavuja.

Nakuomba, usimimine ndimu wala mafuta puani, na mvuke wa nyungu usiutegemee: hauui kirusi, ila umeshaunguza watu. Mgonjwa akihema kwa shida, akibanwa kifua au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Wala usingoje harufu ipotee ndipo ushuku korona, kwa sababu Omicron, aina ya kirusi hicho iliyoanza kuonekana mwishoni mwa 2021, huiondoa kwa wachache zaidi.

Na kwa kuwa kirusi hupenda kuanzia puani, barakoa iliyoshushwa hadi kidevuni haikusaidii kitu. Anayekohoa avae ifunike pua, madirisha yafunguliwe upepo wa bahari upite, na wazee na wenye kisukari au presha waulize kituo cha afya kuhusu chanjo, ambayo Tanzania iliizindua Julai 2021.