Hakiumi, kwa hiyo si hatari? Maswali na majibu kuhusu uvimbe na saratani ya ngozi

Swali: Uvimbe wa ngozi ni nini, na upi ndio saratani?

Jibu: Ni seli za ngozi, au za kilicho chini yake, zinazoongezeka bila mpango mpaka zikajenga kinundu, baka au kidonda. Usio saratani hubaki pale ulipoanzia. Unaweza kukua ukawa mkubwa kama ngumi, lakini hauvamii nyama ya jirani na hausafiri. Wa saratani huchimba ulipo, kisha seli zake huingia kwenye mishipa na kwenda kuota kwingine: kwenye tezi za kinga (kama za shingoni na kwapani), mapafu, ini, hata ubongo.

Swali: Ni ipi isiyo saratani?

Jibu: Mingi, na ndiyo tunayoiona kila siku. Lipoma ni uvimbe wa mafuta, laini, ukiubonyeza unateleza chini ya kidole. Kuna kifuko cha ngozi chenye uchafu mweupe mzito, mara nyingi kikiwa na kitundu cheusi juu (na tafadhali acheni kukiminya, kinapasukia ndani na kugeuka jipu). Kuna chunjua, ambazo huletwa na virusi. Kuna vinyama vinavyoning'inia shingoni na kwapani, na vile vidoa vyeusi vya mashavuni vinavyoongezeka kadiri umri unavyosogea. Kuna keloidi, yaani kovu linalovuka mipaka ya jeraha lake. Hivi vyote unaweza kuishi navyo, ila mtu wa kusema kwamba chako ni kimojawapo ni yule aliyekiona na kukishika, si jirani.

Swali: Na za saratani?

Jibu: Nitataja nne. Saratani ya seli za msingi huwa kinundu king'aavu au kidonda kidogo, hasa usoni. Ni nadra kusambaa, lakini ikiachwa inakula pua au kope polepole. Saratani ya seli bapa huwa kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, au kinyama chenye magamba kinachotoa damu, na hii hufika kwenye tezi. Kwa watu weusi ndiyo inayoonekana zaidi kati ya hizi mbili. Melanoma huanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ni chache kuliko hizo, na ndiyo mbaya kuliko hizo. Ya nne ni Kaposi, mabaka au vinundu vya zambarau au vyeusi, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na VVU. Huyo dawa za ARV ni sehemu ya kwanza ya matibabu yake.

Swali: Changu hakiumi. Kwa nini nihangaike?

Jibu: Swali hili nimelijibu mara nyingi kuliko yote, na kila mara anayeuliza amekuja akiwa amechelewa. Saratani ya ngozi inapoanza, kwa kawaida haiumi. Narudia: haiumi. Kinachouma ni jipu, na kwa jipu la siku 3 watu huja mbio, huku kinundu cha miaka 2 wakikiacha kwa sababu "hakina shida". Saratani huanza kuuma ikishaoza kwa vijidudu, au ikishafika kwenye neva au mfupa. Kwa hiyo anayesubiri maumivu anasubiri ifike huko.

Kwa melanoma ucheleweshaji tunaupima kwa milimita. Ikikutwa na unene usiofika milimita 1, wengi hupona kwa upasuaji peke yake. Ikipita milimita 4, hatari ya kuwa imeshasambaa ni kubwa sana. Tofauti yenyewe ni milimita 3. Na muda wote huo, haikuuma.

Swali: Lakini mimi ni mweusi. Hii si ya wazungu?

Jibu: Ni kweli rangi nyeusi inakinga jua, na saratani ya ngozi ni chache kwetu. Lakini melanoma ya mtu mweusi hupenda mahali ambapo jua halina kazi: kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 tu, na melanoma yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Wagonjwa wetu wanavua shati haraka, viatu hawataki. Vueni viatu na soksi, tuangalie nyayo!

Mwenye ualbino habari yake ni nyingine kabisa: hana ile rangi ya kumkinga. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ni za kila siku, na ngozi ikaguliwe angalau kila miezi 6. Kwake hakuna "kigaga kidogo cha jua". Kila kigaga kisichotoka kinaonwa na daktari.

Swali: Nina kovu la moto la tangu utotoni, sasa limefungua kidonda. Nikisafishe na nini?

Jibu: Usikisafishe na chochote kwa miezi. Kilete. Makovu ya moto na vidonda sugu vya mguuni vinaweza kugeuka saratani ya seli bapa, wakati mwingine baada ya miaka 30 au zaidi. Hakuna siri hapa: Mfaransa Marjolin aliandika kuhusu vidonda vya namna hii mwaka 1828. Tunachokiona sisi ni mtu aliyefunga bandeji mwaka mzima, akibadilisha poda na marashi, mpaka harufu ikamtoa nyumbani. Na ukimuuliza kwa nini hakuja: "Kilikuwa hakiumi."

Swali: Naweza kukifunga kinundu uzi, kukikata kwa wembe au kukichoma kwa dawa?

Jibu: Hapana. Hata kama cha mwenzako kilianguka, hapana. Kinachoanguka ni cha juu, mzizi unabaki chini ya kovu na unaendelea kukua pasipo kuonekana. Isitoshe, umetupa kile ambacho maabara ingekipima.

Swali: Wanasema kisu kikigusa saratani inasambaa.

Jibu: Bayopsi, yaani kukata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe, haisambazi saratani ya ngozi. Yule mnayesema "alikatwa akafa" alikatwa akiwa ameshachelewa. Lawama apewe muda, kisu kiachwe.

Swali: Nije lini basi?

Jibu: Kidonda kikifikisha wiki 4 hakijapona. Doa likibadilika umbo, rangi au ukubwa, likiwa na kingo zisizo sawa, au likipita milimita 6. Kinundu kikitoa damu bila kuguswa. Mstari mweusi ukitokea kwenye ukucha mmoja na kuendelea kupanuka (mistari ya muda mrefu kwenye kucha nyingi mara nyingi ni maumbile ya mtu mweusi). Kovu la zamani likifunguka.

Swali: Na kama hakiumi?

Jibu: Njoo.

Swali: Nikija nikaambiwa ni mafuta tu?

Jibu: Utarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sijawahi kumfokea mtu kwa kuniletea lipoma.