Eti ni unga tu: ninayoambiwa kila siku kuhusu watu wanaolala nje huku Marekani

Wiki iliyopita nilikuwa nampeleka mama mmoja na wanae watano kuangalia apatimenti hapa Houston, tukapita chini ya barabara kuu ya I-45, pale kwenye nguzo, kuna mahema matatu na mtu mmoja kajifunika blanketi gubigubi. Mama mwenyewe katoka Kongo, kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na kitu, yaani mtu anayelijua hema kuliko mimi. Akatikisa kichwa akasema, "Bale batu ni bavivu tu, kaka, banakunywa dawa." Sikumjibu, nilikuwa natafuta pa kukata kona. Ila hiyo ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Jumapili nilishaambiwa na mzee mmoja wa Mombasa tuko kwenye foleni ya pilau, Jumatano mteja mwingine, Alhamisi kijana wa Arusha anayeendesha Uber, wote maneno yale yale kama walikaa dawati moja. Mimi ni kesiwaka wa nyumba, mwaka wa tisa huu natafutia watu pa kulala, na nimechoka kutoa lekcha nikiwa nimeshika usukani, kwa hiyo naandika mara moja na atakayeniuliza tena namtumia asome.

Tuanze na hilo la unga, yaani dawa za kulevya, maana ndo linaloniumiza kichwa.

Unga upo, sikatai. Nimeshakanyaga sindano, nimeshampulizia mtu dawa puani apumue huku naomba Mungu ambulansi ifike. Wenye matatizo ya akili nao wapo, wengi tu. Lakini swali sio kama mateja wapo, swali ni kwa nini sehemu moja watu wanaolala nje wanaongezeka na sehemu nyingine wanapungua, na ukiuliza hivyo hadithi ya unga inavunjika hapo hapo. Chukua West Virginia. Miaka na miaka jimbo hilo ndo lilikuwa linaongoza Marekani nzima kwa watu kufa kwa kuzidisha dawa, hakuna jimbo lililoligusa. Kama unga ndo unaotoa watu ndani, West Virginia ingekuwa mahema mwanzo mwisho. Nenda kaangalie: ukilinganisha kwa idadi ya watu, haifiki hata robo ya California. Haya, labda sio unga ni umaskini. Mississippi ni kati ya majimbo maskini kabisa nchi hii, na ndo ya chini kabisa au karibu na ya chini kwa watu wasio na makazi, chini ya watu 5 kwa kila wakazi 10,000, wakati California ni zaidi ya 40. Majimbo yaliyoongoza kwenye hesabu ya 2024 ni Hawaii, New York, Vermont, Oregon, California. Sasa niambie Vermont na Hawaii zinafanana nini? Moja barafu, nyingine bahari. Zinafanana kodi ya nyumba kuwa juu na vyumba vya kupanga kuwa vya kutafuta kwa tochi.

Mnielewe hapa. Teja wa West Virginia hajapona. Anajidunga vile vile, tofauti ni kwamba anajidunga akiwa ndani, maana shangazi yake ana nyumba ya treila nje ya mji na kuna chumba cha nyuma, au wamechanga watu wawili wakapanga. Wastani wa kodi California ni zaidi ya mara mbili ya kule. Mtu anayeishi kwa hela ya ulemavu ya serikali, ile SSI, mwaka 2025 alikuwa anapokea kutoka serikali kuu dola 967 kwa mwezi zikizidi sana. Kwa hela hiyo kijijini Mississippi unajibana jibana unapata pa kuweka kichwa, San Francisco hupati hata gereji. Mtu yule yule, ugonjwa ule ule, posho ile ile, huku yuko ndani na kule yuko kwenye hema na wewe unampiga picha.

Ngoja niiweke kwa lugha ya nyumbani. Gari la mwisho la Mbagala, usiku, Kariakoo. Watu sitini, siti thelathini. Wanaoingia ni vijana wanaopitia dirishani. Wanaobaki kituoni ni bibi na mzigo wake, mama mwenye mtoto mgongoni, jamaa wa magongo, na mlevi mmoja. Ukija na daftari ukawahoji waliobaki utaandika uzee, ulemavu, pombe, halafu utarudi ofisini useme tatizo la usafiri wa Mbagala ni pombe. Lete magari mawili zaidi uone kama mlevi naye haondoki, kakaa siti ya nyuma anaimba. Pombe inakueleza NANI kaachwa. Haikuelezi kwa nini kuna watu wa kuachwa. Hii tofauti nimeshaieleza mpaka mdomo umekauka na bado mtu ananijibu "lakini yule niliyemuona alikuwa kalewa".

Halafu kuna kitu watu hawataki kusikia: wapo ambao unga unawakuta nje. Jamaa mmoja tulimpatia chumba aliniambia alianza kutumia ili asilale usiku, maana ukilala viatu vinaondoka. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha California, San Francisco, walitoa utafiti mkubwa wa watu wasio na makazi jimboni humo, wakakuta kipato cha kati cha kaya nzima miezi ile sita kabla ya kupoteza nyumba kilikuwa dola 960 kwa mwezi. Kaya nzima! California! Na wakaguzi wa serikali kuu, GAO, mwaka 2020 walionyesha kwamba kodi ya kati ikipanda dola 100, kiwango cha watu wasio na makazi kinaenda na ongezeko la kama asilimia 9. Kodi imepanda dola mia, tuseme wavivu nao wameongezeka asilimia tisa mwezi huo huo? Haya.

Ushahidi mwingine uko hapa hapa kwetu na mliuona kwa macho. Agosti 2017 kikaja kimbunga Harvey, maji yakaingia kwenye apatimenti, na kwenye hesabu ya Januari 2018 (kila mwisho wa Januari tunazunguka na simu kuuliza "jana usiku ulilala wapi?") namba ya Houston ambayo ilikuwa inashuka miaka yote ikapanda. Harvey haikuleta unga. Ilibomoa nyumba.

Mengine nayapitia haraka.

Eti wanafuata joto. Kama ni joto Mississippi ingejaa, na Florida ingeipita New York, ila hesabu ya 2024 Florida ni watu 31,000 na kitu, New York 158,000. Hali ya hewa inabadilisha unawaona wapi, basi. New York City tangu makubaliano ya mahakamani ya 1981 lazima wampe mtu kitanda, kwa hiyo karibu wote wako ndani ya shelta huwaoni, na California kama theluthi mbili wako nje kabisa, ndo maana kwenye simu yako Los Angeles inaonekana kama mwisho wa dunia.

Eti wametoka majimbo mengine kufuata misaada. Utafiti ule ule wa California: asilimia 90 walipoteza nyumba wakiwa tayari wako California, na robo tatu wako kaunti ile ile waliyokuwa na nyumba. Ni majirani zenu jamani. Kuna tofauti ya kweli moja, mwaka 2024 hesabu ya nchi nzima ilifika 771,480, asilimia 18 juu ya mwaka uliotangulia, na sehemu kubwa ya mruko huo ilikuwa wageni wanaoomba hifadhi waliojaa kwenye shelta za miji kama New York na Denver, Chicago peke yake namba ikawa mara tatu. Lakini hao walikosa nini? Kibali cha kazi na nyumba. Sio nidhamu.

Eti inapanda kila mahali hakuna cha kufanya. Hii inaniudhi kama mfanyakazi, maana ni kama kuniambia nimekaa bure miaka tisa. Mwaka 2011 Houston na maeneo ya jirani tulikuwa na watu kama 8,500 kwenye hesabu. Mwaka 2023 walikuwa kama 3,300. Maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, wasio na makazi nchi nzima walikuwa zaidi ya 74,000 mwaka 2010, na 2024 wako chini ya 33,000, kwa sababu waliwekewa vocha zao za kodi ya nyumba (serikali inalipa sehemu ya kodi) na watu wa kuwafuatilia. Unga wa maveterani ni mwepesi kuliko wa wengine? Hapa Houston mwaka 2012 meya Annise Parker na mashirika zaidi ya mia moja, kila moja lililokuwa na orodha yake na wivu wake, wakakubali orodha moja, fomu moja, na kanuni moja: mtu kwanza apate funguo, mengine tutaongea akishaoga.

Ila kuna kitu wanasiasa wetu hawakisemi kwenye hotuba wakijisifu. Tuliweza kwa sababu vyumba vilikuwepo. Houston haina ile sheria ya kugawa mji kwamba mtaa huu nyumba za familia moja tu, sehemu nyingi watu wanajenga apatimenti wanavyotaka, mbaya na nzuri, kwa hiyo mwenye nyumba mwenye vyumba kumi vitupu akipigiwa simu anapokea. California nao waliweka kanuni hiyo hiyo ya nyumba kwanza kisheria mwaka 2016 na namba yao ikaendelea kupanda, maana vocha bila nyumba ni karatasi. Nimeongea na kesiwaka wa kule, mteja ana vocha mkononi miezi sita anazunguka nayo. Sisi wenyewe kodi imepanda tangu korona, hela za korona zimeisha, na namba imekwama hapo hapo kwenye elfu tatu na mia kadhaa. Sijifanyi kushangaa.

Eti ukimpa nyumba kabla hajaacha kunywa ataiharibu. Wapo wanaoharibu. Nimeshafuta kinyesi ukutani, nisiwadanganye. Lakini Kanada walijaribu 2009 hadi 2013, miji mitano, watu kama 2,000 wenye magonjwa ya akili, nusu nyumba kwanza na nusu huduma za kawaida zilizokuwepo. Miezi sita ya mwisho, waliopewa nyumba kwanza asilimia 62 walikuwa ndani muda wote. Wale wengine asilimia 31. Wewe jaribu kuacha pombe ukiwa unalala kituo cha basi.

Eti Finland wameweza kwa sababu ni nchi ndogo tajiri. Marekani nayo tajiri bwana, utajiri haugeuki nyumba wenyewe. Wafini walijenga na kununua vyumba miaka arobaini, tangu shirika la Y-Säätiö lianzishwe 1985, na tangu 2008 wakawa wanageuza mabweni ya vitanda kuwa vyumba vyenye mlango na mkataba. Wakashuka mpaka 3,429 mwaka 2023. Serikali ikakata ruzuku ya kodi ya nyumba, 2024 ikawa 3,806. Nchi ile ile, watu wale wale.

Na hii ya mwisho naipata sana kwa wazee: kwetu Afrika hakuna mtu wa kulala nje, tuna undugu. Mzee wangu, Kenya mwaka 2018 walihesabu watu wa mitaani nchi nzima wakapata 46,639, hao nao wana makabila na wajomba. Ila undugu kweli unabeba, sibishi, nawaona Wakongo hapa watu tisa kwenye vyumba viwili na hakuna aliyelala nje. Undugu unahitaji sakafu lakini. Mwenye nyumba akileta barua kwamba lizi (mkataba wa kupanga) inasema watu wanne tu, ndugu wote tisa mko nje pamoja na upendo wenu.

Kwa hiyo yule mama nilimpeleka. Apatimenti ya kwanza ada ya fomu dola 65, hairudishwi, masharti kipato mara tatu ya kodi. Mume wake anafanya kazi kiwanda cha kuku zamu ya usiku, kipato hakijafika mara tatu. Ya pili dola 50, kompyuta ikakataa kwa sababu hawana historia ya kukopa. Ya tatu ndo walimkubali, kwa depoziti ya miezi miwili, zimetoka kwenye mchango wa kanisa. Kwenye gari kurudi alikuwa kimya, tukapita tena pale I-45, akaangalia yale mahema muda mrefu ila safari hii hakusema kitu, akaniuliza tu, "Na siye wasingetukubali?"

Ushauri wangu mmoja ambao nautoa mpaka watu wananikimbia: mwenye nyumba akikutumia meseji "ondoka", usiondoke. Meseji sio hukumu. Hapa Texas lazima akupe notisi ya maandishi, kwa kawaida siku tatu, halafu akafungue kesi, halafu hakimu ndo aamue. Tarehe ya kesi NENDA, hata kama unadaiwa kweli, hata kama Kiingereza hakipandi, omba mkalimani, maana usipotokea unashindwa papo hapo na ile rekodi itakufuata kila utakapojaza fomu. Piga 211, namba ya simu ya kuomba msaada, mapema, kabla ya notisi, sio siku virago viko barabarani ndo unanipigia saa mbili usiku Ijumaa.